Rojo Lenye Madonge

Shija mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako na najua hutarudi kabla jua halijapoa, maana yule mama akianza habari za ukoo hamwachii mtu mkono. Basi nimepata nafasi. Nimekaa kwenye benchi la wateja, karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha deli la barafu, na sangara wa jioni nimeshawakata. Barua hii utaikuta katikati ya nguo zako ukifika Kahama. Usishtuke ukadhani kuna msiba. Hakuna msiba wowote, ni mama yako tu ana neno la kusema na mdomo umemshinda, yeye anayejulikana mtaa mzima wa Kalangalala kwa mdomo.

Mambo ya kufunga mlango, kushusha neti na kutolala na simu sikioni nimekwambia mpaka umeanza kuyamalizia kabla sijafika mwisho. Hayo siyaandiki. Habari za basi na nani atakupokea stendi, baba yako amezishika. Mimi nataka kukuandikia habari za rojo la kukaangia. Najua umecheka. Cheka, lakini usome mpaka mwisho.

Unakumbuka yule mwenye mgahawa wa Kahama alivyokuja wiki tatu zilizopita. Alikula sangara, akaagiza bamia na karoti za kukaanga, akarudia sangara. Alipomaliza akaniambia kwamba anautaka mkono wa Mama Shija kwenye mgahawa wake, na kwa kuwa mimi sihamiki, nimpe binti yangu. Kichwa kilinivimba mbele ya watu. Jioni ile tukiwa tunaosha vyombo ukaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, wanamtaka Mama Shija. Wakiniona mimi, watanirudisha."

Nikakujibu kwamba utazoea.

Jibu hilo limenikaa kooni wiki zote hizi tatu. Nilikuwa na jibu lingine, la kweli, nikalimeza. Na ukiondoka kesho bado unaamini ulivyosema, utasimama mbele ya karai la watu, utaharibu, utarudi hapa ukiwa umeinamisha kichwa, na kosa litakuwa langu mimi. Kwa hiyo leo nalitapika jibu lenyewe. Nivumilie nianzie mbali kidogo, kwa sababu upumbavu wangu una asili yake.

Kwetu kijijini, huko mbele ya Shinyanga, msichana alipimwa kwa ugali. Mama yangu alinishikisha mwiko nikiwa bado nasimama juu ya kigoda ili niione sufuria ndani. Nilipoolewa, siku ya kwanza kupika kwa wakwe, bibi yako alikaa uani na dada zake wawili. Wakaumega ugali wangu kipande kwa kipande, wanauvunja kwa vidole na kuutazama ndani, wanatafuta unga mbichi. Donge moja tu lingetosha kunitembeza kijiji kizima. Hawakuona hata punje. Bibi yako akawaambia dada zake, "Huyu ana mkono." Tangu siku hiyo nikawa mke wa mtu. Mpaka leo sijui kama alinipenda mimi au aliupenda ugali wangu, ila mkono wangu nimeuringia maisha yangu yote.

Baba yako alipofuata maduara, yale mashimo ya dhahabu, tukahamia Geita, nami nikafungua banda hili. Akina mama wote walikuwa wanakaanga samaki mtupu. Mimi nilishamwona mtu Mwanza anachovya samaki kwenye rojo la unga kabla ya kumtumbukiza kwenye mafuta, nikasema hili nalo la kunishinda mimi? Nikawa nalikoroga asubuhi na mapema. Unga wa ngano, maji ya uvuguvugu, na mwiko. Nililipiga rojo lile kama nasonga ugali wa msiba, mpaka linang'aa, donge huoni hata kwa miwani. Kisha nalifunika kwenye ndoo likisubiri wateja wa mchana na wa jioni.

Samaki wangu walitoka wamevaa makoti ya mvua. Nje yamekauka, ndani yana unyevu, na yanavutika kama raba ya ndala. Wateja waliyabandua kwa vidole, wakala samaki, na maganda wakayaacha pembeni ya sahani. Miaka minne, Shija, nimebeba sahani zenye vichuguu vya maganda kutoka mezani mpaka kwenye ndoo ya makombo, na sikujiuliza kitu. Nilisema moyoni kwamba hawa wamefuata samaki, unga wanao nyumbani. Mbwa wa mtaa huu walinenepa kwa ajili yangu.

Sasa tufike siku yenyewe, ambayo wewe unaijua kutoka upande wako tu.

Ulikuwa kidato cha pili, umefunga shule. Bibi yako akaugua, nikaenda kumwangalia, nikakuachia banda siku mbili. Nilikwambia ukaange samaki watupu, rojo usiguse. Siku ya tatu nikarudi, nikashuka stendi na begi kichwani, adhuhuri, na kwa mbali nikaona mabenchi yamejaa mpaka watu wengine wanakula wamesimama. Mama mwenye akili angefurahi. Mimi kuna kitu kilinichoma hapa kifuani, na leo nakitaja jina lake. Ulikuwa wivu.

Nikachungulia bakuli lako. Rojo jepesi kama uji wa mgonjwa, na juu yake madonge yanaelea, unga mkavu unaonekana mweupe kabisa. Mbele ya wateja wangu! Nilijiona niko uani kwa wakwe na wale mama watatu wanavunja ugali wangu na kukuta uchafu. Hata begi sikulitua. Nililinyakua bakuli nikalimwaga chini, bakuli lenyewe likapiga jiwe likabanduka rangi ukingoni, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Madonge haya unampikia nani? Wewe nani atakuoa?"

Hukulia. Ungelia labda ningepata akili. Ulifuta mikono kwenye kanga, ukachukua majivu ukamwagia pale chini, ukazoa, ukaenda nyuma kuosha sahani. Na tangu siku hiyo hukugusa rojo kwa hiari yako. Ulikata samaki, ukamenya karoti, ukapeleka sahani, na nilipokutuma kukoroga ulikoroga kama nilivyokuagiza.

Saa ile ile, Kashinje, yule mchimbaji anayekaa mwisho wa benchi na tope lake mpaka magotini, aliniita kwa mkono. Akaniuliza polepole kama yule aliyepika kabla sijafika atakuwepo na kesho. Nikainamisha macho kwenye sahani yake ili nisimtazame usoni. Sahani ilikuwa nyeupe. Nikatazama ya jirani yake, na ya yule mwingine. Mifupa ilikuwepo. Ganda halikuwepo hata moja.

Kutoka pale nilipokuwa mpaka ulipokuwa unaosha sahani ni hatua kumi. Ningekuja nikakuuliza, "Mwanangu, umefanyaje?" Hatua kumi hizo zilinishinda. Badala yake nikaanza kukuibia.

Nilikuwa na ushahidi wangu kama polisi. Bakuli nililolishika lilikuwa la baridi sana. Kando ya jiko palikuwa na chupa tupu ya yale maji ya gesi, ya kunywa yenye mapovu, ambayo yalikaa kwenye deli miezi bila mnunuzi. Mfuko wa unga wa mchele tuliouweka kwa ajili ya vitumbua ulikuwa wazi, na unga wa ngano ulikuwa umekwisha karibu wote. Na yale madonge. Shule ilipofunguliwa, ukiondoka tu asubuhi, mimi naingia kazini. Nilitia maji ya barafu, lakini nikalipiga mpaka likalainika, likatoka koti lile lile ila la baridi. Nikatia unga wa mchele mtupu, likasambaratika kwenye mafuta na kubaki mchanga. Nikapatia vipimo vyote siku moja, halafu nikaliacha likae mpaka mchana, gesi ikaisha yote, ganda likalala kama kanga iliyolowa. Mbwa walikuwa na sherehe mwezi mzima.

Polepole nikaelewa. Yote yanayoufanya ugali uwe ugali yanaliua rojo hili. Ugali unataka moto, nguvu na muda. Rojo la kukaangia linataka baridi na haraka, na linataka uliache. Ukilikoroga sana unga wa ngano unavutana na kukaza, na ganda linakuwa gumu. Vikombe viwili vya ngano na kimoja cha mchele, chumvi kidogo, maji ya gesi yaliyotoka kwenye barafu saa hiyo hiyo, uma mizunguko kumi, basi. Madonge yaache, yakifika kwenye mafuta ndiyo yanayochanua.

Kumi, Shija. Mkono wangu wa kulia haukujua kuhesabu mpaka kumi. Ukishika uma tu unakwenda wenyewe, sabini, themanini, mpaka lilainike. Nikaona dawa ni kuupa uma mkono wa kushoto, ambao haujafundishwa kitu na unachoka upesi. Uliniuliza kwa nini nakoroga kwa kushoto, na wateja wengine pia waliniuliza, kwa adabu, maana si desturi. Niliwajibu wote kwamba bega la kulia linaniuma. Na wewe ukaamini, ukawa unanikanda bega jioni kwa mafuta ya moto, mwaka mzima na zaidi, nami nafumba macho na kuguna. Bega langu halijawahi kuuma hata siku moja. Katika yote niliyokufanyia, hili ndilo linalonitia aibu zaidi, na bado kila nikilikumbuka nacheka.

Siku niliyopatia nikatangaza kwamba nimebuni upishi mpya. Ulilitazama bakuli, ukanitazama mimi kwa muda, kisha ukabeba sahani ukaondoka. Sasa ni miaka sita. Huo mkono wa Mama Shija unaosifiwa mpaka Kahama, mkono uliolijaza benchi hili, ni mkono wako. Mwenye mgahawa alikula rojo lako akasifia jina langu, nami nikapokea sifa kama nimezizaa. Hutakwenda kule kuwa kivuli changu. Mimi ndiye nimekuwa nakuiga wewe, tena kwa mkono wa kushoto.

Nimelisema, na anga halijaanguka. Kwa hiyo nikuambie na mengine niliyoyafanya leo ulipoondoka tu. Nilikutukana mbele ya wateja, nikaona si haki nikiri peke yangu kwenye karatasi. Nilisimama hapa mchana, kijiko cha matundu mkononi, benchi limejaa, Kashinje yuko mwisho kama kawaida yake, nikawaambia rojo hili ni la Shija, nililimwaga mbele yenu, kisha nikaliiba. Kashinje akamaliza kutafuna kwanza, hana haraka yule. Akasema, "Mama Shija, hilo tunalijua tangu siku ile ile. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Mwingine akaomba pilipili. Wakaendelea kula.

Miaka sita nimeficha kitu ambacho benchi zima linakijua! Nilitamani ardhi inimeze, halafu nikajisikia mwepesi, nikawaongezea karoti. Nikampigia simu na mwenye mgahawa. Nilimweleza yote, akauliza, "Kwa hiyo huyu anayekuja ndiye mwenyewe?" Nikamwambia ndiye mwenyewe. Akasema basi vizuri zaidi. Kwa hiyo ukifika kesho, atakuwa anamsubiri Shija, na hakuna wa kukurudisha.

Ya karai unayajua, lakini mimi ni mama na siwezi kunyamaza moja kwa moja. Majiko ya migahawani yana moto mkali wa gesi, si mkaa wetu wa kubembeleza. Dondosha tone la rojo kwanza. Likizama na kukaa chini, subiri. Likizama na kuibuka hapo hapo, weka samaki, na weka wachache, hata kama wateja wa mabasi wanapiga meza kwa kuwa dereva anapiga honi. Karai likijaa mafuta yanapoa na samaki wanayanywa. Na mtu akikuletea bakuli la kuwafunikia ili wasipoe, mwambie ajifunike yeye. Bilinganya nakushauri uziache. Mimi ganda lake linateleza siku zote, linabaki kwenye mafuta na bilinganya inatoka uchi. Ni hizi za soko letu, zina maji mengi mno, labda za Kahama zina heshima.

Na liko moja ambalo si la karai. Siku moja utakuwa na watu chini yako jikoni, na mmoja wao atafanya kitu ambacho kwa macho yako ni aibu tupu. Utasikia damu inapanda, kwa sababu wewe ni mwanangu na damu hiyo umeirithi. Siku hiyo kumbuka kwamba bakuli lako mimi nililimwaga bila kulionja. Hata ncha ya kidole sikuchovya. Sahani zenye samaki wako zilikuwa zimenizunguka pande zote, ningeweza kuchukua kipande kimoja nikatafuna, na leo tungekuwa na habari nyingine kabisa. Onja kwanza, kisha ndiyo ukasirike ukitaka.

Naona kivuli kimefika kwenye deli, utakuwa njiani. Jioni hii nitakuomba unipikie, nami nitakaa hapa benchini kama mteja. Sitakueleza kwa nini. Utakuja kuelewa ukisoma.

*

Nimefungua tena bahasha. Ni alfajiri, uko bafuni, na baba yako ameshasimama mlangoni na begi lako kana kwamba basi litaingia humu ndani. Naandika haraka.

Jana uliporudi nikakwambia leo mimi ni mteja, nipikie. Ukachukua bakuli lile lililobanduka ukingoni, ukashika uma, ukaniuliza bila kunitazama, "Nipike rojo la kwako au la kwangu, mama?"

Kumbe na wewe ulijua kwamba najua. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote isipokuwa hilo. Nikasema la kwako.

Ukakoroga, ukaacha madonge. Hapo tulikuwa sawa. Kisha nikakuona unachukua kitambaa kikavu na kuzifuta zile bilinganya, kipande kwa kipande, halafu unazigaragaza kwenye unga mkavu wa mchele, unazikung'uta, ndipo unazichovya. Nikakuuliza hiyo ni nini. Ukasema hivyo ndivyo ulivyofanya siku ile, kwa sababu sangara alikuwa amelowa barafu. Mimi nilifika nikalikuta bakuli tu. Kufuta na kugaragaza sikukuona.

Miaka sita nazitukana bilinganya za watu wa soko, na wewe umekaa pembeni yangu unazikata, unajua, umenyamaza! Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikaona jinsi ulivyobana midomo ili usicheke, nikacheka mimi kwanza, tukacheka mpaka baba yako akatoka ndani kuuliza kuna nini, na hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu. Nimeiba, na hata wizi wenyewe sikuumaliza.

Samahani sikuisema jana, kicheko kilitangulia. Naisema hapa. Nisamehe, ng'wanone, mwanangu. Kwa maneno yale, kwa bakuli, na kwa mafuta yote uliyomaliza kwenye bega langu. Bakuli lile nimelifunga ndani ya kanga yako nyekundu, nenda nalo, ni lako.

Bafuni maji yamenyamaza. Nimalize. Jana nilikula bilinganya tano na sangara vipande viwili. Sahani yangu uliichukua mwenyewe kwenda kuiosha, na nilikuona ulivyosimama ukaitazama. Hakikubaki kitu pembeni.

Mama yako, mwenye bega zima.